Nguvu za kiume: mbele ya kununua kitonge, pimisha tension na sukari

Katika masoko na famasi ndogo-ndogo za Bukavu, Goma, Uvira ao Butembo, dawa za «nguvu za kiume» zinauzwa bila karatasi ya munganga: vitonge, mizizi, unga wa kutia ndani ya chai. Wanunuzi wengi wanafikiri shida yao ni uzee, mawazo mengi, ao kulogwa. Lakini kwa mwanaume aliyepita miaka 40, mara nyingi sababu iko ndani ya mishipa ya damu.

Uume unasimama kwa nguvu ya damu. Mwanaume akiwa na hamu, mishipa inayoleta damu inalegea na kufunguka, na ile inayoirudisha inabanwa ili damu isitoke mbio. Tension ya juu, sukari, tumbaku na mafuta mengi katika damu vinaharibisha ngozi ya ndani ya mishipa. Inakuwa migumu na miembamba, sawa mupira wa maji uliojaa uchafu. Damu haifike ya kutosha. Ama inafika, lakini inatoka haraka.

Hapa njo kuna jambo kubwa. Mishipa ya uume ina upana wa milimita 1 hadi 2, ile ya moyo 3 hadi 4. Ugonjwa ni mumoja, lakini mushipa mudogo njo unaziba wa kwanza. Watafiti wameona kwamba kwa wagonjwa wengi wa moyo, shida ya kitandani ilitangulia miaka 2 hadi 5. Mwanaume anayeficha shida hiyo kwa haya, pengine anaficha onyo la moyo wake.

Na vitonge? Sildenafil, inayojulikana kwa jina la Viagra, ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1998. Watengenezaji walikuwa wanatafuta dawa ya maumivu ya moyo. Inasaidia damu kupita kwa saa chache, lakini haiponyeshe mishipa. Tena, mutu anayetumia dawa za moyo za aina ya nitrati akiimeza, tension inaweza kuanguka gafula na kumuua. Munganga anauliza swali hilo. Muuzaji wa sokoni haulize.

Hali ya sasa inazidisha hatari. Mwanzo wa 2025 banki zilifungwa Goma na Bukavu, na viwanja vya ndege vya Goma na Kavumu vikasimama. Feza ikikosekana, dawa ya tension ya kila siku njo inaachwa, kwa kuwa tension haiumi. Wengine wanaiacha kwa sababu wanasikia inaua nguvu. Kweli, dawa fulani za tension zinaweza kupunguza nguvu, lakini ziko zingine. Uambie munganga abadilishe. Usiache peke yako, maana tension yenyewe inaendelea kuharibisha mishipa ile ile.

Namna gani kutofautisha? Kama shida ilikuja gafula, na asubui uume unasimama muzuri, pengine ni mawazo, na vita imeleta mawazo mengi kwetu. Kama ilikuja pole pole, na hata asubui hakuna kitu, mishipa inashukiwa. Kwa vyote viwili, nenda kwenye kituo cha afya. Tension ikirudilia kufika 140/90, ao sukari ya asubui mbele ya kula ikifika miligramu 126, matunzo yanahitajika. Kuacha sigara, kupunguza chumvi na kutembea kila siku vinasaidia moyo na kitanda pamoja.

Inabaki swali kwa wakubwa wa afya. Mama mwenye mimba akienda kwenye kipimo, wanamupima tension kila mara. Baba hana siku kama hiyo, na wengi wanajua tension yao siku wanaanguka. Kipimo cha tension kinachukua dakika chache: kinaweza kufanyika kanisani, kwenye msikiti, ao kwenye parking ya wanamoto.