Mawe Yale Yalibebwa na Nani?

Mjini San Antonio, jimbo la Texas huko Marekani, kuna misheni nne za Wahispania wa karne ya 18: Concepción, San José, San Juan na Espada. Siku hizi ni hifadhi ya taifa, na mwaka 2015 zilitiwa katika Urithi wa Dunia pamoja na Alamo. Watalii humiminika kupiga picha, hasa dirisha la San José lenye nakshi.

Haya, mapadri walitoa amri. Je, mawe yalibebwa na nani? Ni wenyeji, Wakoahuilteka, waliokimbilia humo kwa njaa na kuwahofu Waapache. Wakalima, wakafuma, wakajenga, huku wakitakiwa waache dini na mila zao. Wengi waliuawa na maradhi yaliyoletwa na wageni.

Kwa maoni yangu, mgeni aonyeshwe kwanza mfereji wa Espada, ambao mpaka leo unapitisha maji, ndipo aingizwe kanisani. Tena wajukuu wa wajenzi wapo, wengine husali mumo humo. Si wao ndio wangetangulia kusimulia?

Hata sisi wanafunzi tukienda Fort Jesus twakariri mwaka 1593 na jina la Philip II, mfalme wa Hispania aliyetawala Ureno pia. Waliochonga matumbawe yale, nani huwauliza?