Tangawizi na Shingo ya Gunia

Katika magenge ya Mwananyamala tangawizi huuzwa kwa fungu, na mwenye genge hapotezi kitu: kipande kikizidi, hukirudisha kapuni. Lakini huko Mamba Miamba, katika milima ya Upare wilayani Same, mkulima huiuza kwa gunia. Na gunia likishajaa hushonewa shingo, na juu ya shingo kilemba. Hiyo ndiyo lumbesa: malipo ya gunia moja kwa mzigo wa gunia na nusu.

Wako wasemao kwamba umaskini wa mkulima huyu watokana na kutojua kilimo cha kisasa. Hoja hiyo haina miguu. Mtu aliyelingoja zao lake miezi minane hata kumi, akilipalilia na kulinywesha kwa maji ya ndiva, hakukosa elimu ya jembe. Alichokosa ni mizani. Akizidisha mavuno na kipimo kikabaki kile kile, atakuwa amezidisha shingo za magunia tu.

Wengine hudai kuwa lumbesa ni mapatano ya hiari. Hiari gani? Tangawizi iliyomo ardhini yaweza kungoja. Ikishachimbwa huanza kunyauka, na mwenye lori alijua hayo kabla hajapanda mlima. Sheria ya Vipimo ipo, na Wakala wa Vipimo upo. Lakini sheria inayosomwa mjini na kusahauliwa shambani ni sawa na dawa iliyofungiwa kabatini.

Mkulima wa karafuu wa Pemba ana ugomvi wake na bei ya Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ambalo tangu 1968 ndilo linunualo zao hilo. Hata hivyo, karafuu zake hupimwa kwa kilo, wala hadaiwi kilemba.

Basi wale wanaohubiri kuuza tangawizi ng'ambo na waanzie hapo. Mnunuzi wa ng'ambo hununua kilo; shingo ya gunia haijui. Kila kijiji kiwekewe mizani, na gari lisipakie gunia lisilopimwa. Hadi siku hiyo, msomi anywaye kahawa ya tangawizi katika baraza ya Mwananyamala, akilaumu uvivu wa wakulima, na ajue kwamba sehemu ya kikombe chake haijalipiwa.