Adapta ya zamani ndiyo muuaji

Hivi nyie wadau wa Commodore 64, nani kawaroga? Mashine ya 1982 mnaipachika kisoma kadi cha leo, mnachota volti 5 kwenye soketi ya kaseti, halafu mnaiwasha kwa adapta ileile ya zamani! Eti "mbona inawaka?" Adapta hizo nyingi zimejazwa gundi ngumu ndani: hazifunguki, joto halitoki, nanyi mnaziongezea mzigo. Kidhibiti chake kikichoka, mara nyingi hakizimi. Kinapandisha volti kupita 5, chipu za memori zinaungua. Na fyuzi ya ndani ya kompyuta? Inalinda ile laini ya volti 9, si hii. Nunueni adapta mpya kwanza, jamani. Kisoma kadi kitasubiri.