Mtoto mkorofi nyumbani: Hasidi anaogopa nini?

Katika kisiwa kidogo kama Juani, wilayani Mafia, mtoto hana pa kujificha. Matokeo ya darasa la saba yakitoka, magharibi haiingii kabla kila nyumba haijajua nani kafaulu na nani kabaki. Ndipo maneno yale huanza: "Mwangalie mwenzako!"

Mzazi mwenye mazoea ya kusema hivyo amsome Hasidi, mhusika hasimu katika Adili na Nduguze, riwaya ya Shaaban Robert iliyochapishwa mwaka 1952.

Hasidi na Mwivu ni ndugu zake Adili. Baba yao alipofariki waligawana urithi. Wawili hao wakapoteza fungu lao, wakarudi mikono mitupu. Adili akawapokea na kuwagawia alichokuwa nacho. Wema huo haukuwatuliza. Kila walipopokea, walizidi kujiona wadogo mbele yake. Safarini, Adili alipompata msichana Mwelekevu, wivu ulifurika na wakamtosa ndugu yao baharini.

Ukali wa Hasidi, basi, hautokani na nguvu. Anaogopa kwamba akisimama karibu na ndugu yake hataonekana. Mtoto anayewapiga wadogo zake au kuharibu vitu vyao mara nyingi ana hofu kama hiyo, ila hajui aiseme vipi.

Je, fimbo humtibu? Jini Huria aliwageuza ndugu hao kuwa manyani, na Adili akatakiwa kuwachapa kila usiku. Walichapwa, wakabaki manyani. Walirudi kuwa watu baada ya Mfalme Rai kuwaombea msamaha.

Mzazi ufanye nini?

Kwanza, mlinde anayepigwa. Watenganishe, kisha hasira zikipoa kaa na mkali peke yake. Muulize kinachomuuma, na umsikilize mpaka amalize.

Pili, acha kulinganisha. Mpime mtoto kwa alivyokuwa mwezi uliopita, usimpime kwa kaka yake.

Tatu, usimbandike jina. Mwandishi alimwita mhusika wake Hasidi kwa sababu ya hadithi. Mtoto anayeitwa "mkorofi" kutwa, mwishowe huona ndiyo kazi yake.

Nne, mpe jukumu analoliweza, kama kushona nyavu au kumpeleka mdogo wake madrasa, na umsifu mbele za watu.

Ukali ukidumu kwa wiki kadhaa, akakosa usingizi, akaumiza wanyama au kusema anataka kujidhuru, mpeleke kituo cha afya. Unaweza pia kupiga 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto.

Na yule aliyefaulu je? Asifiwe, ni haki yake, lakini asifanywe fimbo ya kumchapia ndugu yake. Kumbuka katika riwaya ni nani aliyetoswa baharini.