Hisa za Simu: Tazama Bei, Tazama na Majira

Neno la hisa limekwisha kutoka katika maofisi ya Dar es Salaam likafika hata vijijini, na wafanyakazi na wakulima waulizana kama yafaa kuweka akiba zao katika makampuni ya simu. Swali hilo ni jema. Lakini wengi hulijibu kwa haraka mno, wakisema: "Kila mtu ana simu, basi hisa za simu haziwezi kuanguka." Sisi twaona jibu hilo ni nusu ya hesabu.

Sheria ya mwaka 2010, iliyokazwa na Sheria ya Fedha ya 2016, iliyataka makampuni ya simu yauze asilimia 25 ya hisa zao kwa umma. Mwezi wa Machi 2017 Vodacom Tanzania ikatoa hisa 560,000,100 kwa Sh. 850 kila moja, na Agosti zikaingia sokoni. Aliyenunua hisa 100 alitoa Sh. 85,000. Mwaka 2022 bei ilikuwa chini ya ile Sh. 850. Je, watu waliacha kutumia simu? La, hasha. Lakini kampuni hukua kwa gharama: minara na mitambo hununuliwa ng'ambo kwa fedha za kigeni, ushindani hushusha bei ya maongezi, na serikali nayo huweza kubadili kodi, kama ilivyotoza tozo ya miamala ya simu Julai 2021. Mapato yaweza kupanda na faida isipande pamoja nayo.

Jambo la pili ni majira. Jirani zetu wa Kenya waliuziwa hisa za Safaricom mwaka 2008 kwa shilingi 5 za Kenya, wakazigombania kupita kiasi cha hisa zilizokuwapo. Mapema mwaka 2009 bei ilikuwa chini ya shilingi 3. Agosti 2021 ilipita 40. Mwisho wa 2023 ilikuwa chini ya 15. Kampuni ni ile ile, na M-Pesa ni ile ile. Aliyeuza kwa hofu mwaka 2009 alipata hasara. Aliyevumilia hadi 2021 alivuna mara nane. Naye aliyenunua 2021 kwa kufuata mkumbo alipoteza zaidi ya nusu.

Hata watengenezaji wa mitambo yenyewe hawakusalimika. Hisa ya Cisco ya Marekani ilifika karibu dola 80 mwezi wa Machi 2000, wakati watu walipoamini kwamba intaneti itaenea dunia nzima. Intaneti ilienea kweli. Hata hivyo mwezi wa Oktoba 2002 hisa hiyo ilikuwa chini ya dola 10, kwa maana wanunuzi walikuwa wamekwisha kulipia ukuaji wa miaka mingi ijayo.

Basi na tumfikirie mkulima wa Pito, karibu na Sumbawanga. Baada ya kuvuna na kuuza mahindi yake ana fedha mkononi; mvua za Novemba zikikaribia atahitaji mbolea na mbegu. Akinunua hisa kwa fedha ya mbolea, itampasa kuziuza kabla ya mvua kwa bei yo yote atakayoikuta, tena katika soko ambalo wanunuzi si wengi kila siku. Hapo si kampuni iliyomponza, bali majira. Ndivyo ilivyo pia kwa mfanyakazi anayeweka karo ya mtoto wake.

Shauri letu ni hili. Kwanza, nunua kwa fedha usiyoihitaji kwa miaka kadhaa. Pili, soma hesabu za kampuni: faida kwa kila hisa ni kiasi gani, deni ni kiasi gani, na gawio limelipwa mara ngapi. Tatu, linganisha faida hiyo na bei unayotakiwa kulipa. Nne, usinunue vyote kwa siku moja, wala usiweke akiba yote katika kampuni moja.

Mfipa hufukia majani katika matuta msimu mmoja ili avune nafaka msimu ujao. Hafukui kila asubuhi kutazama kama yameoza. Subira ya namna hiyo, pamoja na hesabu, ndiyo ulinzi wa akiba ya mnyonge.