Kipakatalishi Kitupu na Uhuru wa Mwenye Kukijaza

Mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Kenya anapoingia dukani kununua kipakatalishi, aghalabu maswali yake huishia katika mambo mawili: bei na sura. Akishalipa, hukabidhiwa chombo kilichofungwa pande zote, naye hukipeleka bwenini asijue kilichomo ndani. Baada ya miaka miwili chombo huanza kuzorota. Tasnifu inangoja kuandikwa, kazi za muhula zimemsonga, na mwenye mali hana budi kukipeleka kwa fundi, akae kando na kupokea lolote atakaloambiwa. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo wasomi wa vyuoni hawajalitia maanani ipasavyo: je, mtu anaweza kusemwa kuwa anamiliki kitu asichoweza kukifungua?

Ipo njia nyingine, nayo ni kununua kipakatalishi kitupu. Chombo cha namna hii huuzwa kikiwa kiunzi tu. Kina kiwambo, kibodi, betri na ubao mkuu wenye prosesa yake, lakini hakina kumbukumbu, hakina diski ya kuhifadhia kazi, wala hakina mfumo endeshi. Ni mfano wa nyumba iliyokwisha kuezekwa na kutiwa milango, ila samani atajitilia mwenyewe atakayeishi ndani. Biashara hii si mpya. Kwa miaka mingi kampuni ya Clevo ya Taiwan imekuwa ikiunda viunzi ambavyo wauzaji wa nchi nyingine huvijaza na kuviuza kwa majina yao wenyewe. Mwaka 2021 kampuni ya Framework ya Marekani, iliyoasisiwa na Nirav Patel, iliusogeza utaratibu huo karibu na mtu wa kawaida. Ilianza kuuza kipakatalishi ambacho mnunuzi aliweza kukiagiza bila kumbukumbu, diski wala mfumo endeshi, kikamfikia pamoja na bisibisi ya kukifungulia.

Umuhimu wa jambo hili hudhihirika mtu akitazama mkondo ambao biashara ya vipakatalishi imeufuata. Mwaka 2008 kampuni ya Apple ilitoa MacBook Air ambayo kumbukumbu yake ilikuwa imelehemiwa kwenye ubao mkuu. Mwaka 2012 ikafuata MacBook Pro yenye kiwambo cha Retina, na humo betri nayo ikawa imegandishwa kwa gundi. Watengenezaji wengine wengi wakashika njia iyo hiyo. Sababu wanazozitoa si za uongo: kulehemu hupunguza unene wa chombo, na zipo aina za kumbukumbu zitumiazo umeme mchache ambazo hufanya kazi vyema zaidi zikiwa karibu na prosesa. Lakini gharama ya wembamba huo humwangukia mnunuzi. Aliyenunua gigabaiti 8 zilizolehemiwa atabaki na gigabaiti 8 hadi siku ya kukitupa chombo chake, hata kama kasoro yake ni hiyo moja tu na viungo vingine vyote ni vizima.

Kipakatalishi cha kujijazia humwondolea mwenyewe kongwa hilo. Mwanafunzi anayetegemea mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu anaweza kuanza na kibao kimoja cha kumbukumbu, na muhula ufuatao akatia cha pili katika nafasi iliyobaki. Anaweza kuanza na diski ndogo na kuipanua mambo yakimnyookea. Haba na haba hujaza kibaba, mradi kibaba chenyewe kiwe na mdomo. Isitoshe, kiungo kimoja kikifa, hubadilishwa hicho pekee. Aliyenunua kiunzi cha Framework mwaka 2021 aliweza mwaka 2023 kung'oa ubao mkuu wenye prosesa ya Intel na kutia wenye prosesa ya AMD katika mwili ule ule. Ni kweli kwamba ilimbidi abadili na kumbukumbu, kwa kuwa ubao mpya ulihitaji kizazi cha DDR5 badala ya DDR4, lakini kiwambo, kibodi na betri alibaki navyo.

Wengi huogopa kazi yenyewe, wakidhani ni ya wahandisi pekee. Kumbe haina mazingaombwe. Chombo huzimwa, waya wa umeme ukachomolewa, na anayekifungua akagusa chuma ili umeme tuli ulio mwilini mwake usije ukaviunguza viungo. Katika kipakatalishi cha Framework cha inchi 13, parafujo tano za upande wa chini hulegezwa, kibodi ikainuliwa, na tumbo lote likawa wazi. Betri nayo hutenganishwa na ubao kabla ya lolote kuguswa. Kibao cha kumbukumbu kina pengo ukingoni, na pengo hilo ndilo linaloizuia DDR4 isiingie mahali pa DDR5. Huingizwa kwa mshazari, kisha hubonyezwa hadi vibanio viwili vya kando vikikamate. Diski ya kawaida ya aina ya M.2, yenye upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 80, huingizwa kwa mshazari vivyo hivyo na kukazwa kwa parafujo moja. Chombo kikiwashwa mara ya kwanza, kiwambo huweza kubaki cheusi kwa dakika kadhaa huku ubao mkuu ukiizoea kumbukumbu mpya. Wasiojua hudhani wamekiua, wakakizima na kuanza kukichokoa upya, ilhali kilichohitajika ni subira.

Hata hivyo, haifai kuisifu njia hii kana kwamba haina miiba. Kwanza, si kila mara huwa nafuu. Mtengenezaji mkubwa hununua viungo kwa maelfu, hivyo chombo kilichojazwa kiwandani huweza kuuzwa kwa bei ya chini kuliko kiunzi na viungo vilivyonunuliwa kimoja kimoja. Katika miezi ya mwisho ya mwaka 2025 bei za kumbukumbu zilipanda kwa kasi duniani, kwa sababu vituo vya data vya akili unde vilikuwa vikizinunua kwa wingi. Mwezi Desemba mwaka huo kampuni ya Micron ilitangaza kwamba ingeacha kuwauzia wanunuzi wa kawaida bidhaa zake za jina la Crucial. Aliyepanga kujaza kiunzi majira hayo alijikuta mashakani. Lakini msukosuko uo huo ulifunza somo la pili: mwenye kumbukumbu inayochomoka aliweza kuihamishia katika chombo kingine chenye nafasi ya kizazi hicho, ilhali mwenye iliyolehemiwa hakuwa na la kuhamisha.

Mwiba wa pili ni viungo bandia. Sokoni huuzwa diski zinazodai ukubwa zisiokuwa nao, nazo huendelea kupokea kazi za mwenyewe hata baada ya kujaa, zikizipoteza kimyakimya. Nazi mbovu harabu ya nzima: kiungo kimoja cha uongo kinaweza kuangamiza tasnifu ya mwaka mzima. Anayejijazia chombo hana budi kuipima diski kabla ya kuiamini, kuweka nakala za kazi zake mahali pengine, na kutunza risiti ya kila kiungo, kwa maana kila kimoja huja na dhamana yake na hakuna duka moja litakalobeba lawama zote. Uhuru huja na wajibu, na asiyetaka wajibu asilalamike akikosa uhuru.

Huenda msomaji akauliza faida ya maneno haya kwa mwanafunzi wa Nairobi, Eldoret au Mombasa, ambaye mara nyingi hununua chombo kilichokwisha kutumika ughaibuni na kuletwa nchini. Ukweli ni kwamba huyo ndiye anayehusika zaidi. Chombo kilichotumika huja na kumbukumbu haba na diski iliyochoka, kwa hivyo thamani yake imo katika kufunguka kwake. ThinkPad T480 ya mwaka 2018 ina nafasi mbili za kumbukumbu, na zote hubadilishwa. Ndugu yake T480s, wa mwaka huo huo na mwembamba kidogo, ana kumbukumbu iliyolehemiwa na nafasi moja tu ya ziada. X1 Carbon, mwembamba kuliko wote wawili, hana nafasi hata moja. Kwa macho ya mpita njia vyote vitatu ni vyeusi na vinafanana. Aliyekwisha kufungua chombo kimoja kwa mkono wake ndiye anayejua ni kipi cha kununua na ni kipi cha kukiacha rafuni.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, jambo hili lina uzito wa ziada. Wauzaji wengi, na hata baadhi ya walimu, hutumia neno kumbukumbu kwa vitu viwili tofauti: kile kinachoshika kazi wakati mtambo unafanya kazi na kusahau yote umeme ukizimwa, na kile kinachohifadhi kazi hata chombo kikilala mwaka. Mnunuzi huambiwa chombo kina kumbukumbu ya gigabaiti 256 akafurahi, asitambue kwamba ameelezwa habari ya hifadhi, na kumbukumbu yenyewe ni gigabaiti 4 tu. Istilahi za aina hii hazinyooki kwa mijadala ya ukumbini pekee. Aliyeshika kibao cha kumbukumbu kwa mkono mmoja na diski kwa mkono wa pili hawezi tena kuviita kwa jina moja. Elimu bila amali ni kama nta bila asali, na istilahi bila kitu chake huwa vivyo hivyo.

Fauka ya hayo, kipakatalishi kitupu huja bila mfumo endeshi, na pengo hilo ni mlango. Mwenyewe anaweza kutia mfumo huria usiodai ada, kama vile Ubuntu, uliotolewa mara ya kwanza Oktoba 2004 na ambao jina lake ni ndugu wa neno letu utu. Mwaka uo huo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Wataalamu wale waliweza kuifanya kazi hiyo bila kumbembeleza mtengenezaji yeyote, kwa kuwa programu ilikuwa huria na wazi. Lugha huingia kwa urahisi katika mitambo ambayo wenyewe wameruhusiwa kuifungua. Mitambo iliyofungwa huisubirisha nje hadi mwenye kiwanda aone faida.

Yapo mambo ambayo vyama vya wanafunzi vinaweza kuyafanya bila kungoja fedha za mfadhili. Bisibisi chache, kipakatalishi kimoja kikuukuu na alasiri moja katika muhula vinatosha kuwaonyesha wanachama wapya mahali pa kumbukumbu, mahali pa diski, na jina la kila kimoja kwa Kiswahili. Orodha ya majina hayo ikibandikwa ukutani na kusahihishwa kila mwaka, itakuwa kamusi ndogo iliyotungwa na watu walioviona vitu vyenyewe. Naye mwanafunzi anayejiandaa kwenda dukani ana swali moja la kumtanguliza muuzaji kabla ya bei na sura: je, kumbukumbu na diski ya chombo hiki vinachomoka? Muuzaji akijibu ndiyo, aombwe akifungue papo hapo ili ionekane. Mtumai cha ndugu hufa maskini, na anayetumaini ujuzi wa mtu mwingine katika chombo anachokitumia kila siku hayuko mbali na hali hiyo.