Nyuki katika Mwembe wa Mjane

Mwezi uliopita hapa Mbesa tuliitwa nyumbani kwa mama mmoja mjane. Nyuki walikuwa wameingia katika pango la mwembe wake, hatua kumi tu toka mlangoni, na mbuzi aliyefungwa chini yake alikuwa amekwisha kufa. Tuliwakuta vijana wameshika mienge, wakitaka kuuchoma mti. Tuliwazuia, maana mwembe huo ndio uwalishao watoto wake majira ya njaa, na moto wa mchana huwatoa nyuki wote kwa hasira.

Kundi lining'inialo tawini ni wasafiri. Mara nyingi huondoka wenyewe baada ya siku chache. Lakini waliokwisha kujenga masega pangoni hawaondoki kwa kelele wala kwa mawe. Hao ni kazi ya mrina asali, ajaye usiku na moshi.

Nyuki akichoma, harufu yake huwaita wenzake. Basi kimbilia ndani, usipunge mikono, na mwiba uukwangue upesi, kwa kuwa huzidi kutia sumu. Avimbaye uso au kukosa pumzi apelekwe hospitali papo hapo.

Mrina akaja, akawahamisha na malkia wao katika mzinga, akautundika mbali porini. Nasi tukaliziba pango kwa udongo. Yakabaki mabishano ya asali: mrina alidai yote, mjane alidai fidia ya mbuzi. Sisi tuliamua nusu kwa nusu, na mrina hajatusalimu tangu siku ile.